Ng'ombe wa Chuma wa Karagwe

Wazee wetu walisema kwamba asiyekujua hakuthamini. Tunaanza kwa methali hii kwa kuwa habari tunayokusudia kuieleza ni habari ya vitu ambavyo viliandikwa kwa mara ya kwanza na mtu asiyevijua. Aliviona kwa macho yake, akavitaja kwa mstari mmoja katika kitabu chake, akaendelea na safari. Mstari ule mmoja umeishi zaidi ya miaka 160, nao kwa muda mrefu umekuwa na nguvu kuliko kauli za wenye vitu wenyewe.

Vitu hivyo ni sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, ambazo zilikuwa miongoni mwa hazina ya Mukama wa Karagwe. Mgeni yule alidhani kuwa ni vitu vya kumfurahisha mfalme, yaani vya kuchezea. Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha jambo moja tu: kwamba udogo wa kitu si udogo wa maana yake, na kwamba hazina ikiisha kuitwa mchezo, kuiondoa mahali pake huwa kazi nyepesi sana.

Karagwe iko kaskazini magharibi ya nchi yetu, katika Mkoa wa Kagera. Upande wa magharibi na wa kaskazini Mto Kagera unaizunguka na kuitenga na Rwanda na Uganda. Ni nchi ya vilima virefu vyenye nyasi, mabonde yenye migomba, na maziwa madogo madogo ambayo viboko na ndege wa majini wamekaa humo tangu zamani. Sehemu kubwa ya eneo la ufalme wa kale leo imo katika wilaya mbili, Karagwe yenyewe na Kyerwa, ambayo ilifanywa kuwa wilaya mwaka 2012. Wenyeji wake ni Wanyambo, na lugha yao ya Kinyambo ina undugu wa karibu na Kihaya na Kinyankole.

Masimulizi ya jadi yanasema kwamba nchi hii ilikuwa chini ya mtawala aliyeitwa Nono, kabla Ruhinda hajaitwaa na kuanzisha ukoo wa Abahinda. Ukoo huo ulitawala kwa karne nyingi, nao ulitoa watawala hata katika nchi jirani. Mwanahistoria Israel Katoke, ambaye mwaka 1975 alichapisha kitabu kuhusu ufalme huu, aliyakusanya masimulizi hayo kutoka vinywani mwa wazee na kuyalinganisha na maandishi ya wageni. Makao makuu yaliyojulikana zaidi yalikuwa Bweranyange.

Watu wa ufalme huu waliishi kwa kazi mbili kubwa. Wako waliochunga, walioitwa Bahima, na ng'ombe wao walikuwa wale wenye pembe ndefu zilizopinda, ambao hata leo msafiri huwaona katika malisho ya Karagwe na ng'ambo ya mto. Na wako waliolima, walioitwa Bairu, ambao walipanda ndizi, mtama na ulezi. Mchungaji alihitaji chakula cha shamba, na mkulima alihitaji maziwa, ngozi na samadi. Lakini wote wawili walimhitaji mtu wa tatu ambaye vitabu vingi humtaja kwa haraka tu, naye ni mhunzi. Bila mhunzi mkulima hakuwa na jembe, wala mchungaji hakuwa na mkuki wa kumfukuzia simba.

Mwezi Novemba mwaka 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Mukama wakati huo alikuwa Rumanyika, mwana wa Ndagara. Aliwapokea kwa ukarimu ambao Speke mwenyewe aliusifu. Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, alibaki huko kwa miezi kadhaa, akilishwa na kutunzwa, wakati mwenzake alipotangulia Buganda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Lakini safari hii aliyepona alikuwa mgeni.

Rumanyika aliwaonyesha wageni wake mambo mengi. Aliwasimulia jinsi yeye na ndugu zake walivyoshindania kiti baada ya kifo cha baba yao: wakawekewa ngoma ndogo mbele yao, nyepesi kwa kuitazama, lakini iliyotiwa dawa hata ikawa nzito kwa yeyote asiye na haki ya kutawala, na katika ndugu watatu yeye peke yake aliweza kuinyanyua. Waliona pia sherehe ya mwezi mwandamo, ambapo Mukama alikaa katika mavazi ya heshima, ngoma zikapigwa kwa mpango, na wakuu wakaja kumwahidi utii upya. Kila mwezi ulipoandama, ufalme nao ulihesabiwa kuwa umezaliwa mara nyingine.

Ndani ya nyumba ya Mukama, Speke aliona pia vyuma vya shaba vyenye ncha nyingi zilizopinda, pamoja na sanamu ndogo za ng'ombe za chuma. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 aliandika kwamba vitu hivyo vilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro kwa ajili ya kumburudisha mfalme. Ndio mstari tuliousema.

Yafaa tuutazame mstari huo kwa utulivu, maana ndani yake mna makosa mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni la kusema kwamba vitu vile vilikuwa vya burudani. La pili ni la kusema kwamba havikutengenezwa na watu wa Karagwe. Tunaona kwamba kosa la pili ndilo lililozaa la kwanza. Kitu kisichotoka katika mikono ya wenyeji hakiwezi kubeba fikra za wenyeji. Na kitu kisicho na fikra ndani yake, kitakuwa nini kama si mchezo?

Kafuro palikuwa kituo cha biashara, si mbali na Bweranyange. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokaa pale walikuja kutafuta pembe za ndovu, wakileta nguo, shanga na nyaya za shaba. Walikuwa hodari wa mizani na hesabu. Lakini kufua chuma hata kipate umbo la ng'ombe mwenye miguu minne na pembe zilizopinda ni kazi ya fundi aliyezaliwa karibu na mvukuto, tena aliyemtazama ng'ombe huyo tangu utotoni. Hakuna sababu ya kuipeleka kazi hiyo Kafuro, isipokuwa kama mtu ameshaamua moyoni kwamba Mnyambo hawezi.

Na Speke alikuwa ameshaamua. Katika kitabu hichohicho alieneza nadharia yake kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa kizazi cha wavamizi wafugaji waliotoka upande wa Uhabeshi, na kwamba kila dalili ya dola na ustaarabu ilitoka kwao. Kwa fikra hiyo, wafugaji walipewa asili ya mbali, wakulima wakaachwa bila historia, na mhunzi akasahauliwa kabisa. Nadharia hii ilichukuliwa na watawala wa kikoloni wa baadaye, ikafundishwa mashuleni, na ikapanda mbegu ya utengano ambayo matunda yake machungu yalivunwa nchini Rwanda mwaka 1994. Hatusemi kwamba sanamu moja ya ng'ombe ilileta maafa. Tunasema kwamba anayeanza kwa kumnyang'anya mtu kazi ya mikono yake hamalizii hapo.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1876, Henry Morton Stanley alifika kwa Rumanyika, naye akaonyeshwa nyumba ya hazina. Yeye alihesabu. Aliandika kwamba mlikuwa na sanamu 16 za mabata za shaba ya manjano wenye mabawa ya shaba nyekundu, sanamu 10 za wanyama waliofanana na pofu, na ng'ombe 10 wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Hakuzisifu sana sanamu hizo. Lakini alipofika kwenye mikuki, visu vipana, mundu na viti vya chuma, kalamu yake ilibadilika, akakiri kwamba hiyo ilikuwa kazi bora ya kustaajabisha. Basi hapo tunapata ushahidi kutoka kwa mgeni mwenyewe: palikuwa na mafundi, na mafundi hao walikuwa mabingwa.

Ubingwa huo haukuanza jana. Katika nchi ya Buhaya, jirani na Karagwe, wanaakiolojia walichimbua mabaki ya matanuru ya kale karibu na Ziwa Viktoria. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza kwamba watu wa huko walikuwa wakiyeyusha chuma na kupata chuma cha pua kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee wa Kihaya ambao walikuwa wameiona kazi hiyo ujanani walijenga tanuru upya na kuiwasha, ili wasomi waone kwa macho yao. Habari hiyo ilienea duniani kote. Kwa wazee wenyewe haikuwa habari, ilikuwa kumbukumbu.

Tuieleze kazi yenyewe kwa ufupi, maana wanafunzi wengi wa leo hukijua chuma kikiwa kimeshakuwa nondo dukani. Kwanza miti migumu ilikatwa na kuchomwa ili kupata makaa. Kisha mawe yenye madini ya chuma yalichimbwa, yakakaushwa na kupondwa. Tanuru lilijengwa kwa udongo, likawekewa mirija ya udongo uliochomwa, na katika mirija hiyo mivukuto ilipuliza hewa kwa saa nyingi bila kukoma. Mwishowe mavi ya chuma yalitengana na chuma chenyewe, likabaki bonge ambalo lilipigwa na kusafishwa juu ya fuawe kabla halijafuliwa kuwa jembe au mkuki. Katika nchi nyingi za maziwa makuu tanuru lilifananishwa na tumbo la mama, na kuyeyusha kulifananishwa na uzazi. Ndiyo maana kazi hiyo ilizungukwa na miiko: mafundi walijitenga na nyumba zao, dawa ziliwekwa chini ya tanuru, na maneno mengine hayakutamkwa. Watu hawakukosa akili hata wakafanya hivyo. Walijua kwamba wanalifanya jiwe lizae, na kwamba jambo la namna hiyo halifanywi ovyo.

Sasa tunaweza kuuliza kwa nini mfalme awe na ng'ombe wa chuma.

Katika falme za eneo hili, utawala haukukaa katika mwili wa mfalme peke yake; ulikaa katika vitu. Ankole walikuwa na ngoma yao Bagyendanwa, Rwanda walikuwa na ngoma yao Kalinga, na ngoma hizo zilitunzwa na kuheshimiwa kuliko mtu mmoja mmoja aliyezirithi. Mfalme alikufa, ngoma ikabaki. Nyundo na fuawe navyo vilihesabiwa miongoni mwa alama za utawala katika sehemu kadhaa, kwa maana mfalme alifananishwa na mhunzi: yeye ndiye anayeichukua nchi ikiwa moto na kuipa umbo. Hazina ya Karagwe ni tawi la mti huo. Wanahistoria wengi huzihusisha sanamu zake na enzi za Ndagara na mwanawe Rumanyika, wakati ufalme ulipokuwa na nguvu na biashara ya masafa marefu ilipokuwa ikipita katika ardhi yake.

Kwa maoni yetu, ng'ombe wa chuma anasema jambo ambalo ngoma haiwezi kulisema. Ng'ombe ni mali ya mchungaji. Chuma ni uhai wa mkulima na kazi ya mhunzi. Ng'ombe huzaa, hutoa maziwa, huzeeka na kufa. Chuma huzaliwa katika moto, na hakifi upesi. Fundi alipoyaunganisha mawili hayo, alitengeneza mfano wa ufalme wenyewe: utajiri wa mfugaji katika mwili wa kazi ya mfanyakazi. Mukama aliyekaa mbele ya sanamu hizo alikumbushwa, au ilimpasa akumbuke, kwamba hawezi kuwa mfalme wa upande mmoja. Speke aliwaona watu wa Karagwe akawagawa. Mhunzi aliwaona watu walewale akawafua pamoja. Tuamini kalamu ipi kati ya hizo mbili, ya wino au ya nyundo?

Huenda mwanafunzi akauliza hapa: Je, kuna ubaya gani katika neno mchezo? Watoto wa wafugaji tangu zamani wamefinyanga ng'ombe wa udongo, wakawajengea mazizi ya vijiti, wakawapeleka malishoni kwa ulimi na mkono. Naam, na huo si mchezo wa bure. Mtoto anayemfinyanga ng'ombe anajifunza pembe, nundu na rangi, anajifunza kuhesabu, anajifunza kwamba kundi lina mwenyewe na mwenyewe ana wajibu. Lakini tofauti ya ng'ombe wa udongo na ng'ombe wa chuma ni mahali pake. Mmoja yuko mikononi mwa mtoto, naye akivunjika hufinyangwa mwingine. Wa pili yuko katika nyumba ya hazina, ana mlinzi, ana siku zake za kutolewa, na kupotea kwake ni msiba wa nchi.

Ili tulielewe zaidi jambo hili, na tutoke kidogo nje ya bara letu. Katika jimbo la Arizona, Marekani, wako Wahindi Wekundu waitwao Wahopi, ambao vijiji vyao viko juu ya miinuko mikavu ya mawe, na ambao chakula chao cha asili ni mahindi yanayotegemea mvua chache. Wahopi wanaamini kuwapo kwa viumbe wa kiroho waitwao katsina, ambao kwa karibu nusu ya mwaka hukaa pamoja na watu vijijini, wakaleta mvua na baraka, na mwezi Julai huagwa kwa ngoma na kurudi milimani. Wakati wa sherehe hizo, watoto wa kike hupewa sanamu ndogo zilizochongwa kwa mzizi wa mti na kupakwa rangi, kila moja kwa mfano wa katsina fulani. Mgeni akiiona mikononi mwa mtoto ataiita mwanasesere. Lakini kwa kawaida msichana huyo haibebi barabarani na kuiburura. Huning'inizwa ukutani nyumbani, akaitazama akikua, akajifunza majina, sura na wajibu wa wale wanaoiletea nchi yake mvua. Ni kitabu cha shule kisicho na maandishi.

Katika sherehe hizohizo hutokea wachekeshaji. Huingia uwanjani wakila kwa pupa, wakianguka, wakisema yasiyosemwa, wakiwa kielelezo cha mtu aliyesahau adabu, mpaka katsina wanapowakemea na kuwaadhibu mbele ya watu wote. Mgeni huona kichekesho. Mhopi huona funzo la namna ya kuishi. Sisi Watanzania hatuna sababu ya kushindwa kulielewa hilo. Nani kati yetu hajamwona mtani msibani, akiiga mwendo wa marehemu, akizuia jeneza lisipite mpaka alipwe, na wafiwa wakacheka huku machozi yanatoka? Anayedhani kwamba mtani haheshimu kifo hajaujua utani. Kicheko nacho kinaweza kuwa ibada, kama vile kitu kidogo kinavyoweza kuwa kikubwa.

Wahopi nao wameonja uchungu wa kutojulikana. Mwezi Aprili mwaka 2013, barakoa takriban 70 zilizotumika katika ibada zao zilipigwa mnada mjini Paris. Wahopi, ambao hawaziiti barakoa bali huziita marafiki, walikwenda mahakamani kuomba mnada uzuiwe. Mahakama ilikataa, na mnada ukaendelea. Kwa mnunuzi vilikuwa vitu vizuri vya ukutani. Kwa mwenyewe ilikuwa kama kumwona ndugu akiuzwa sokoni. Mwezi Desemba mwaka huohuo, katika mnada mwingine, taasisi ya Annenberg ya Marekani ilinunua vitu 24 kwa siri, kisha ikavirudisha: 21 kwa Wahopi na 3 kwa Waapache wa San Carlos. Yalikuwa mapokezi ya furaha, lakini tuzingatie: ili mwenye mali arudishiwe mali yake, ilibidi tajiri aingie mnadani.

Turudi Karagwe. Rumanyika alifariki karibu na mwaka 1880, na baada yake ukoo wa watawala uliingia katika ugomvi na mauaji ya kugombea kiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliteketeza ng'ombe katika Afrika ya Mashariki yote, na Karagwe haikusalimika. Makundi ambayo wageni waliyastaajabia yalilala malishoni yakawa mifupa. Wakati huohuo Wajerumani walifika. Emin Pasha aliweka kituo Bukoba mwaka 1890. Ng'ombe wa nyama walikufa, mfalme akawa chini ya amri ya ofisa wa kigeni, na ng'ombe wa chuma wakabaki bila zizi.

Katika miaka iliyofuata hazina ile ilitawanyika. Baadhi ya sanamu na vyuma vya heshima vya Karagwe vilivuka bahari, na leo vimo katika makumbusho ya Ujerumani, likiwamo lile la Linden mjini Stuttgart. Vingine vilibaki nchini na kuhifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Waingereza waliishika nchi hii mwaka 1916, wakatawala kwa kuwatumia watemi, mpaka Tanganyika ilipojipatia uhuru mwaka 1961. Mwaka 1963 utawala wa jadi ulifutwa kisheria, na kwa haki kabisa: taifa moja halikuweza kuwa na wafalme wengi.

Hapa hatuna budi kulijibu swali ambalo wenzetu wengine huuliza kwa nia njema. Husema: Hizo ni alama za wafalme, na wafalme walikula jasho la watu, kwa nini sisi wa zama za usawa tuzililie? Swali hili lina haki yake. Ni kweli kwamba mkulima wa Karagwe alitoa kodi ya mazao na ya kazi, na kwamba mlango wa nyumba ya hazina haukuwa wazi kwa kila mtu. Hatutaki kuipamba historia kama bibi harusi. Lakini tukumbuke ni nani aliyekata miti ya makaa, ni nani aliyechimba mawe, ni nani aliyevukuta usiku kucha, na ni nani aliyeshika nyundo. Mfalme alikuwa na sanamu. Hakuwa na ufundi. Jina la mfalme limebaki, jina la mhunzi limepotea, na kazi yake ndiyo kaburi lake pekee lenye alama. Basi tukizitupa sanamu kwa kumchukia mfalme, tutakuwa tumemzika mfanyakazi mara ya pili. Zamani hazina hii ilikuwa ya nyumba moja. Leo, kwa kuwa nyumba hiyo haitawali tena, ni haki iwe ya umma wote.

Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alikuwa akipigana na kasumba iliyotufanya tujue ngoma za wageni na kuzionea haya ngoma zetu. Vita hivyo havijaisha. Vimebadili uwanja tu. Sisi tuliopata bahati ya kufanya kazi za umma tumewahi kusimama na wanafunzi mbele ya kabati la kioo, na mmoja wao akauliza kwa unyofu: "Hivi walikuwa wanachezea nini na vitu hivi?" Hatukumkemea. Hakuwa amesoma Speke, lakini Speke alikuwa amemfikia kwa njia ndefu, kupitia vitabu, vibandiko na midomo ya watu.

Siku hizi kurudishwa kwa vitu vya jadi kunazungumzwa kwa uwazi zaidi kuliko zamani. Mwezi Novemba mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa maovu ya wakoloni wa Kijerumani katika Vita vya Maji Maji, na suala la mabaki ya wazee wetu na mali za utamaduni zilizoko Ujerumani likatajwa. Ni jambo jema, na tunaliunga mkono. Lakini kitu kinaweza kurudi na maana yake isirudi. Tukiipokea sanamu ya chuma bila kujua ilitolewa wakati gani, ilitunzwa na nani, na ilisema nini, tutakuwa tumehamisha kabati la kioo kutoka mji mmoja kwenda mwingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko Stuttgart wala Dar es Salaam. Iko darasani na barazani. Mwalimu wa Karagwe au Kyerwa anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa wazee, wakaulize majina ya vifaa vya uhunzi kwa Kinyambo, wakaulize ni koo zipi zilizofua chuma, wakatafute mavi ya chuma katika mashamba yao na kuandika mahali yalipo bila kuyahamisha. Mwaka 2019 yalitangazwa mapori mawili ya eneo hili kuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Jina la Mukama aliyewapokea Speke na Stanley sasa limo katika ramani ya taifa. Itakuwa aibu ikiwa mtalii atalijua jina hilo kwa ajili ya wanyama wa porini, na mtoto aliyezaliwa kando ya hifadhi asijue kwamba babu zake waliwafua wanyama kwa chuma na shaba.

Ndugu wasomaji, ng'ombe haelemewi na nunduye. Methali hii husemwa kwa mtu anayeulalamikia mzigo ulio sehemu ya mwili wake. Historia ni nundu yetu. Si nyepesi: ina utukufu na ina dhuluma, ina majina yaliyohifadhiwa na majina yaliyopotea. Lakini ni yetu, tena ndiyo inayotutambulisha kwa mbali. Ng'ombe wa chuma wa Karagwe hawajawahi kuchoka kuibeba. Wamekaa kimya zaidi ya karne moja mbele ya macho yasiyowajua, nao wanangoja swali ambalo Speke hakuliuliza siku ile kwa Rumanyika, ingawa mwenyeji wake alikuwa amekaa karibu naye na angemjibu kwa furaha: vitu hivi, Mukama, mnaviitaje?